Mtoto Aliyejirudia

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujazipokea tafuta pa kukaa, maana najua wewe husoma barua umesimama huku maji yanachemka. Hali yako vipi? Kile kikohozi ambacho dereva wa mizigo ya shule aliniambia kilikushika wakati wa baridi kimeondoka? Vidole bado vinachubuka kwa sabuni? Sisi huku tu wazima kwa sehemu kubwa. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo wake hausumbuliwi na kitu. Bimkubwa ni mzima, anakula, anacheza, anauliza maswali yasiyoisha. Mimi nipo na cherehani yangu, na sauti yangu ni ile ile iliyokufanya uniite Kipaza tangu tukiwa watoto. Majirani wanasema tangu wahamie hapa hawajanunua redio.

Barua hii nimeichomeka ndani ya furushi la sare za wanafunzi, katikati ya mashati, ili dereva akuletee mkononi huko bwenini unakofua. Ningekupigia simu kama ungekuwa na simu. Ya kwako uliiacha hapa, na ya ofisi ya shule nimepiga mara mbili nikaambiwa upo kwenye kamba unaanika. Kwa mashuka ya bweni moja, naona unaanika sana. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo tu. Lakini nina jambo ambalo haliwezi kupita kwenye simu ya ofisi, na nakuomba uisome barua hii hadi mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuikunja.

Nianze na habari za nyumbani. Paa la jikoni lilivuja tena, fundi akaja, akaziba pale pasipovuja. Mama alimwambia kwamba kama angekuwa daktari wa meno angeng'oa mazima yote akaacha yaliyooza. Sasa Mama anapika kwa sufuria mbili, moja ya chakula na nyingine ya kukinga maji. Kazi yangu si mbaya. Shule zikikaribia kufunguliwa ndipo watu wanapokumbuka kwamba nipo, na watoto nao hunenepa likizoni hadi vipimo vyangu vyote vinageuka uongo.

Bimkubwa amerefuka. Akikasirika anakuwa wewe kabisa, ananyamaza na kutazama ukuta. Anajua kuhesabu hadi kumi, isipokuwa saba, ambayo hataki hata kuisikia. Na kuna jambo ambalo sikukueleza katika barua zangu za nyuma kwa sababu sikujua ungelibeba vipi. Ukimpa kitu, biskuti au kipande cha ndizi, anakipokea, halafu anauacha mkono wa pili wazi. Anauliza ya Nyongeza iko wapi. Sidhani kama anamkumbuka mwenzake kwa sura, walikuwa wadogo mno, ila mkono wake umezoea. Basi mimi humpa na ya pili, naye huzila zote bila haya.

Mwaka huu anaanza shule ya awali. Mwalimu alitaka kuona kadi yake ya kliniki, kuhakikisha kwamba amemaliza chanjo zote. Mama alikuwa ameihifadhi juu ya rafu ya jikoni, mahali pa usalama kabisa kwa maoni yake, na mvua ile ya fundi wetu ikaitafuta ikaipata. Wino wote ulikuwa umeyeyuka. Nikalazimika kwenda mwenyewe pale kituo cha afya kuomba kadi nyingine. Yaliyotokea huko ndiyo yaliyonifanya nikae chini kukuandikia, lakini siwezi kuyafikia kabla sijarudi nyuma. Najua hujasahau kitu. Nguo iliyoshonwa vibaya hairekebishwi mpaka ifumuliwe, na sisi tulishona vibaya sana, mdogo wangu.

Unakumbuka siku uliyojifungua. Hakuna aliyejua kwamba wapo wawili, kwa sababu kila ulipokwenda kupimwa ile mashine ya kutazama tumboni ilikuwa mbovu. Wa kwanza akatoka, mkunga akampangusa, akamkabidhi Mama, na Mama alikuwa tayari ameshageukia mlango aende kuringa nje. Mkunga akamwita asubiri. Mama akauliza kuna nini tena, akaambiwa kuna mwingine. Akamtazama yule aliye mkononi, akamtazama yule anayekuja, wamefanana kama vifungo vya shati moja, akasema kwa sauti kwamba kumbe mtoto amejirudia. Wodi nzima ilicheka. Hata wewe ulicheka, na ulivyokuwa umechoka vile.

Tangu hapo neno lile likawa la nyumba yetu. Mmoja akilia na mwenzake akaitikia, tulisema amejirudia. Chupa mbili mezani, nepi mbili kambani, tulisema amejirudia. Wa kwanza tukamwita Bimkubwa kwa zile dakika chache alizomtangulia mwenzake, na wa pili tukamwita Nyongeza, kama kile kiganja cha maharage anachokuongezea muuzaji akiwa na furaha. Majina yao ya kweli yalichelewa, kwa sababu shemeji na ndugu zake walikuwa bado wanavutana nani aitwe nani. Kwa hiyo siku walipoandikishwa kliniki hawakuwa na majina. Kila mmoja aliandikwa Mtoto wa, kisha jina lako. Uliona ni jambo la kuchekesha, ukasema utadhani wewe ndiye uliyezaliwa mara mbili.

Uliwapeleka kliniki bila kukosa, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, hadi ikafika siku ya sindano ya surua. Bimkubwa alichomwa. Nyongeza alikuwa na homa kali, na nesi alipomgusa tu akasema huyu aende kwanza kwa daktari, sindano yake itasubiri. Ulirudi ukatueleza ulivyoambiwa. Kwamba kichupa cha dawa ya surua kikishafunguliwa hakiwezi kulala hadi kesho, kwa hiyo hawakifungui hadi watoto watoshe. Kwamba siku hizi wana kompyuta, hakuna haja ya mama kuja kupanga foleni bure. Mtoto akipona asihangaike, akae nyumbani, atatumiwa ujumbe wa simu.

Nyongeza akapona homa, ukaanza kusubiri. Ulikuwa unaingia na simu jikoni, unatoka nayo kuanika, unaiweka juu ya ndoo unapochota maji, hadi shemeji akaanza kukutania kwamba una mchumba. Ulikwenda mwenyewe dirishani kuuliza, zaidi ya mara moja. Wakabonyeza namba yako ya simu, wakatazama, wakakwambia mtoto hadaiwi. Ndivyo wanavyosema pale: mtoto aliyekamilisha chanjo zake hadaiwi, aliyepungukiwa anadaiwa. Hadaiwi, mama, rudi nyumbani, siku ikifika utaitwa. Ukarudi.

Kisha surua ikaingia mtaani kwetu. Wiki ile sitaieleza, ulikuwepo na mimi nilikuwepo. Nitasema tu kwamba Bimkubwa alilala kitanda kimoja na mwenzake na haikumgusa, na kwamba hospitali daktari alipoomba kadi ya Nyongeza sote tuliiona ile nafasi tupu. Moja tu, katikati ya nafasi zilizojazwa vizuri. Daktari alikuuliza kwa nini. Ulimjibu kwa hiyo sauti yako ya chini kwamba ulikuwa unasubiri ujumbe.

Baada ya mazishi, nyumba ikiwa bado imejaa watu, shemeji alikwenda kituoni kuuliza. Akarudi amefura. Alisema mbele ya wote kwamba ameoneshwa kwa macho yake kwenye kompyuta, ujumbe ulitumwa, si mmoja, na kwamba kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu. Wewe ulisema tena kwamba hukupata ujumbe. Na mimi, kwa sauti hii ambayo haijui kunong'ona, nikasema chumba kizima kikasikia kwamba ungekubali tu kuwa ulisahau, tungekuelewa. Ulitazama ukuta. Sina haja ya kukukumbusha maneno hayo, najua uliondoka nayo.

Kilichoniuma zaidi si siku ile, ni miezi iliyofuata. Mwanzoni ulisema hukupata ujumbe. Baadaye ukasema labda ulikuja usiuone. Mwisho, ulipokuwa unafunga mkoba wako wa kahawia, ulimwambia Mama kwamba mwanamke aliyemsahau mtoto mmoja asiachiwe mwingine. Ulikuwa umeanza kutuamini. Simu yako ukaiacha kwenye droo ya kabati, ukasema ujumbe wa kliniki wa Bimkubwa huja humo, tusije tukaupoteza. Ukaenda kufua mashuka ya watoto wa watu.

Sasa nifike kituoni.

Nilifika nikapanga foleni hadi nikafika dirishani. Karani wa chanjo ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, mtu mchangamfu, anawataniatania wanaosinzia kwenye benchi. Nikampa namba yako ya simu kama ilivyo desturi yao. Akabonyeza, akavaa miwani, akatabasamu kama mtu aliyemwona anayemfahamu. Akaniambia kwamba mtoto huyu aliwasumbua kweli mwaka ule walipoambiwa wasafishe kompyuta. Kila kitu chake kilikuwa mara mbili. Amezaliwa mara mbili, amepimwa uzito mara mbili, matone mara mbili, sindano mara mbili siku hiyo hiyo. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Alisema, "Alikuwa amejirudia, mama, ndiyo tukawaunganisha wakawa mmoja."

Mdogo wangu, nilicheka. Nisamehe, lakini nilicheka. Neno lile kwetu ni la kuchekea, mdomo ukacheka wenyewe kabla kichwa hakijajua kinachosemwa. Karani naye akacheka. Halafu kichwa changu kikafika, nikashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Nikamwomba anieleze taratibu, kama anavyomweleza mtu asiyejua kusoma. Akanieleza bila kuficha, kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kufichwa. Ofisi za juu ziliona watoto walio kwenye kompyuta ni wengi kuliko wanaochanjwa. Wakasema wapo watoto walioandikishwa mara mbili, kila kituo kiwatafute na kuwaunganisha. Wakapewa na namna ya kuwatambua: mama mmoja, simu moja, siku moja ya kuzaliwa, jinsia moja, jina moja. Ipo sehemu ya kuweka alama kwamba mtoto ni pacha, ila wako walipoandikishwa hakuna aliyeiweka. Karani akakuta Mtoto wa fulani, na chini yake Mtoto wa fulani, kila kitu sawasawa. Akaunganisha. Nikamuuliza ilikuwa lini. Akatazama, akanitajia mwezi. Ni mwezi ule ule ulioanza kutembea na simu juu ya ndoo.

Sindano ya Bimkubwa ikahesabiwa kuwa ni ya wote, kwa sababu hapakuwa tena na wote. Ndiyo maana kila ulipokwenda kuuliza uliambiwa mtoto hadaiwi. Walikuwa wanamtazama Bimkubwa. Na ule ujumbe aliooneshwa shemeji ulitumwa kweli, na wewe uliupata, na ulikwenda. Ulikuwa wa Bimkubwa. Wa Nyongeza haukutumwa kwa sababu Nyongeza hakuwepo tena mahali pa kutumiwa ujumbe. Aliondolewa humo mapema kuliko alivyoondoka kwetu.

Nilimwambia karani kwamba walikuwa wawili. Akaniuliza wawili vipi. Nikamwambia mapacha, na kwamba mmoja tulimzika, na alikufa kwa surua. Unaijua sauti yangu, sikuhitaji kurudia. Foleni yote iligeuka kunitazama. Nilitamani nimvute yule mama apite katika kile kidirisha. Nilimwambia maneno ambayo Mama angeyasikia angenichapa mbele za watu, na umri wangu huu. Hakujitetea. Alivua miwani ikabaki inaning'inia, akawa anatazama vidole vyake. Baadaye aliniambia kwamba mwaka ule kituo chao kilisifiwa mkutanoni kwa kusafisha vizuri kuliko vituo vyote, na yeye alisimamishwa apigiwe makofi.

Nesi mkuu akatoka, akatuchukua sote wawili hadi chumba chenye friji ya dawa, akafunga mlango. Kuna benchi humo la akina mama kuvulia watoto nguo. Nilikaa hapo nikalia kama anayesubiri kuchomwa. Friji ilikuwa inanguruma, na ndani yake, nilijua, vichupa vimejaa. Karani alilia pia, amesimama, hakuthubutu kukaa karibu yangu. Mwisho nilisogea nikampa nafasi, kwa sababu nilichoka kumwona amesimama. Usinidhanie nimemsamehe, sijui bado. Nilisogea tu.

Nesi mkuu alisema kosa hilo lazima liandikwe na lifike kwa wakubwa, na vituo vingine vitafute mapacha wote waliounganishwa kwenye kompyuta. Na kweli, siku mbili hizi nasikia wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza mapacha. Kisha akasema Nyongeza lazima arudishwe. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba huwezi kuandika kifo cha mtoto ambaye hayumo. Ili aandikwe kwamba amefariki, kwanza atenganishwe na mwenzake awe mtoto kamili. Karani akakaa mbele ya kompyuta, akatenganisha, akarudisha uzito wake mdogo mdogo, matone yake, sindano zake za mwanzo. Akaweka alama ya pacha. Halafu akaniuliza, bila kugeuka, mtoto anaitwa nani, safari hii tuandike jina.

Nikalitaja jina lake lote, la kwake, la baba na la babu. Nililitaja kwa hii sauti mnayoilalamikia siku zote, nadhani na walio nje barabarani walilisikia. Hakuna aliyeniambia nipunguze.

Nimemwambia Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka akaenda kukinga maji ambayo hayakuwa yanavuja. Tangu siku hiyo amelifuta lile neno mdomoni mwake. Anaona kwamba yeye ndiye aliyelianzisha, kwamba alimwambia mtoto amejirudia, na watu wakasikia wakamchukua. Nimemwambia huo ni upuuzi, karani hakuwepo wodini. Ananijibu anajua, lakini hacheki.

Nimemwambia na shemeji, maana nilitaka kuona uso wake. Nilipanga kufurahi. Alikaa kizingitini, kichwa kwenye mikono, akawa anasema alikuaibisha mbele za watu, alikuaibisha mbele za watu, na sikufurahi hata kidogo. Akaomba nimwelekeze ulipo. Nilimwambia akaiulize kompyuta. Akitaka kukuandikia aandike, nitaisoma kwanza mimi, na isiponiridhisha ataandika upya.

Kwa hiyo nasema sasa kile nilichotakiwa kusema siku ile chumba kikiwa kimejaa. Ulisema kweli. Hukusahau. Hukulala, hukupuuza, hukupoteza simu, hukumpenda mmoja ukamwacha mwingine. Ulisubiri kama ulivyoambiwa usubiri, ukaenda kuuliza, ukarudishwa, ukasubiri tena. Ulisema kwa sauti ya chini, na kwa kuwa mimi sijui watu husemaje kweli kwa sauti ya chini, sikukuamini. Wewe ulikuwa mama mzuri wa watoto wawili na sisi tulikufanya uamini vingine. Nimeumia na nitaendelea kuumia, na sikuombi unifariji. Nimekwishawaambia wale wote waliokuwepo chumbani siku ile, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Kipaza kimetumika.

Bado jambo moja, na hili ndilo lililonipa shida namna ya kuliandika.

Ili kifo kiandikwe, kituo kinahitaji cheti. Cheti unacho wewe, kwenye ule mkoba wa kahawia. Nilimwambia nesi mkuu kwamba nitakuandikia. Akasema sawa, mtoto atabaki wazi hadi kitakapofika. Sikuelewa maana ya kubaki wazi. Nikarudi nyumbani na kadi mpya ya Bimkubwa.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, namvisha Bimkubwa sare aijaribu, simu yako ikalia ndani ya droo. Tulifikiri ni ujumbe wake. Mama akaifungua, akanipa nisome, kwa kuwa miwani yake haikuwa karibu. Nilisoma nikakaa sakafuni na pini mdomoni. Kompyuta imemwona mtoto amerudi, imeona nafasi moja tupu, imefanya kazi yake. Imeandika hivi: Mzazi, kisha jina lote la Nyongeza, la kwake, la baba na la babu, anadaiwa chanjo ya surua. Tafadhali mlete kituoni.

Ujumbe wako umefika, mdogo wangu.

Nilirudi kwa nesi mkuu. Akashtuka, akaniomba radhi, akasema anaweza kuuzuia hata bila cheti, nikitaka. Nilifikiri sana pale dirishani. Nikamwambia asiuzuie. Ulizuiwa mara ya kwanza bila wewe kuulizwa, sitaki uzuiwe mara ya pili. Ni wako, uliusubiri wewe, na wewe ndiye utakayesema ukome. Unakuja kila wiki, siku ile ile ya kliniki. Mama haruhusu niufute hata mmoja.

Njoo. Sikwambii njoo kwa ajili yangu, wala ya shemeji, wala ya miguu ya Mama ingawa inauma kweli. Njoo na cheti, twende dirishani pamoja, utoe mwenyewe mkononi mwako. Na wakikuuliza wewe ni nani, useme ni mama wa mapacha. Ukitaka, mimi nitanyamaza njia nzima, tuone kama nitaweza. Kisha turudi nyumbani kwa Bimkubwa, anayeanza shule muda si mrefu na hana wa kumshika mkono ule wa pili.

Dereva anarudi na gari lake baada ya kushusha mizigo. Nimeshaongea naye, kiti cha mbele ni chako, na nimemwonya asivute sigara. Ukiona huwezi safari hii, nitamtuma na ijayo, na ijayo tena.

Mama anakusalimu sana, ananiambia niandike kwamba amekuwekea kitanda upande usiovuja. Majirani wanakusalimu, wale walioona haya wananituma mimi. Bimkubwa yupo hapa chini ya meza anachezea vipande vya kitambaa. Nimemwambia nakuandikia wewe, akaniuliza kama mama yake anajua kuhesabu saba. Nikamwambia utakuja kumjibu mwenyewe. Salimia wenzako wa dobi, na upake mafuta vidole.

Ni mimi dada yako,
Kipaza

Nilitaka kusahau: simu yako naichaji kila siku. Haijawahi kuzimika.